Msimpake Biharusi Msichokijua



Leo hatuna maneno ya kupakiana mafuta. Tunasema na wanaouza "singo ya biharusi", "sabuni ya mwali" na "mafuta ya fungate" katika vichupa visivyoandikwa kilichomo ndani. Ukiwauliza wamechanganya nini, jibu lao ni moja: ni ya asili. Neno hilo limegeuzwa kufuli. Likishatamkwa, mnunuzi hana tena ruhusa ya kuuliza.

Na vitu hivi vinasafiri. Vingine vinafungwa hapa hapa kisiwani, vingine vinachukuliwa Kariakoo kwa jumla na kugawanywa kwenye vichupa, kisha vinapanda boti Kilindoni, vinashuka Nyamisati na kusambaa vijijini mwa wilaya ya Kibiti. Tunaitaja Ruaruke kwa sababu ni ya karibu na moyo. Wengi wetu huku Mafia tuna shangazi, wifi au mkwe upande ule wa delta, na harusi za kule ni harusi zetu. Mwali wa Ruaruke huwekwa ndani, husuguliwa kutwa mara mbili kwa mkono wa kungwi, na hana sauti juu ya anachopakwa. Kunyamaza ndiyo adabu yake. Akisema kinawasha ataambiwa avumilie, uzuri unaingia.

Hapo ndipo hasira yetu ilipo. Mwanamke mwenye uzoefu akiwashwa na sabuni anaitupa, ananunua nyingine. Mwali akitokwa na vipele siku ya tatu baada ya nikaha, maneno yanaanza. Ana jini. Karogwa na aliyeachwa. Kaja na maradhi kutoka kwao. Na kama kinachowaka ni sehemu za siri, basi anayehukumiwa si mwili wake tena, ni mwenendo wake na malezi ya mama yake. Aliyeuza kichupa ameshakula pesa zake zamani, msichana amebaki na jina baya kwa jambo ambalo hakulifanya.

Tuanze na hilo neno, asili. Watu wa Kibiti hawahitaji mtu wa kuwafundisha kwamba cha asili kinaweza kuunguza, maana wanalima korosho. Nani Ruaruke asiyejua mafuta ya ganda la korosho? Mti umesimama uani, haukutiwa kemikali yoyote, na ukiibangua korosho mbichi kwa mkono mtupu ngozi inababuka. Upupu nao ni wa asili. Hakuna anayeutia kwenye singo.

Jibu tunalopewa ni kwamba bibi zetu walitumia karafuu na hawakudhurika. Ni kweli walitumia. Lakini walitumia nini hasa? Walichukua punje za karafuu, wakazitwanga pamoja na mawaridi makavu, langilangi na asumini, wakasaga liwa kwenye msio kwa maji, wakachanganya, wakapaka na kuosha. Karafuu ilikuwa kidogo ndani ya vingi, na haikukaa mwilini usiku kucha. Leo mtu anashika kichupa cha mafuta ya karafuu cha mililita 10 na kukimimina kwenye kopo la singo kama anayetia maji. Punje kavu za karafuu hutoa mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 18 ya uzito wake. Maana yake kichupa kile kidogo kimebeba nguvu ya gramu 60 hivi za karafuu. Hakuna bibi aliyewahi kumpaka mjukuu wake gramu 60 za karafuu kwa mkupuo mmoja, tena zikiwa zimekamuliwa zikabaki ukali mtupu.

Mafuta hayo sehemu kubwa ni kitu kinachoitwa yujenoli, asilimia 70 hadi 90. Ndiyo hiyo hiyo madaktari wa meno wanayoitumia kutuliza jino. Pemba kule Wawi kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Zanzibar, ZSTC, kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vile vijiti vya karafuu, na mafuta hayo nayo yamejaa yujenoli. Ni bidhaa nzuri, ni fahari yetu watu wa visiwani. Lakini kinachotia ganzi jino hakiwezi kuwa kitu cha kupaka mapajani bila kipimo.

Na kipimo kipo. Robert Tisserand, mtaalamu wa Uingereza aliyeandika pamoja na Rodney Young kitabu kikubwa kuhusu usalama wa mafuta ya harufu, anashauri mafuta ya karafuu yasizidi nusu asilimia kwa kitu kinachopakwa na kubaki mwilini. Kwa lugha ya jikoni: katika mililita 100 za mafuta ya nazi, ambazo ni vijiko vidogo 20, mafuta ya karafuu yasizidi nusu mililita, kiasi cha matone 10. Sisi tungesema matone 5 yanatosha kabisa, harufu ya karafuu haina haya, utaisikia tu. Matone nayo hutofautiana kwa kichupa na kichupa, kwa hiyo nunua bomba la sindano la mililita moja duka la dawa, tupa sindano, tumia bomba kupimia. Ni kitu cha bei ndogo mno, na anayeuza mafuta ya biharusi bila kuwa nacho hana udhuru.

Mdalasini ndio wenye makali kuliko yote. Tunasema mafuta ya gamba la mdalasini, si unga wa chai. Kwa hayo Tisserand na mwenzake wanashusha kipimo mpaka asilimia 0.07, ambayo katika mililita 100 ni kama tone moja. Tone moja! Halafu tunaona watu wanauza "sabuni ya mdalasini ya kubana". Hatuoni sababu yoyote ya mdalasini kuwepo kwenye kitu cha kuogea mwali. Uacheni kwenye pilau na maandazi. Mafuta ya mchaichai na ya langilangi yana nafasi zaidi kidogo, asilimia 0.7 na 0.8, lakini nayo si maji ya kunawa.

Kuna kingine ambacho hakiuzwi na mtu yeyote, tunakichuma wenyewe uani, nacho ni ndimu. Watu wanapenda ndimu kwenye skrabu kwa harufu yake na kwa imani kwamba inatakatisha. Maji ya ndimu na mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda lake yana vitu viitwavyo furanokumarini. Vikiwa kwenye ngozi, jua likikupiga, ngozi inaungua. Hutaona kitu papo hapo. Kesho yake au kesho kutwa inakuwa nyekundu, pengine inatoka malengelenge, kisha panabaki mabaka meusi ambayo huchukua wiki hata miezi kufifia. Msichana anasugua uso kwa ndimu na sukari asubuhi, anatoka kwenda kisimani au shamba, jua la delta linamalizia kazi. Siku ya harusi anafunikwa podai nzito, na wanawake wenzake wananong'ona kuwa kajichubua. Kama roho yako haitulii bila harufu ya ndimu, tafuta mafuta ya ndimu yaliyotolewa kwa mvuke, ambayo hayana tatizo hilo. Kichupa kisiposema yametolewaje, chukulia yamekamuliwa ganda na uyaache.

Sasa tugeukie hayo yanayoitwa "mafuta halisi ya waridi" na "mafuta halisi ya asumini", ya shilingi 3,000 au 5,000. Dada zetu, tupige hesabu ya kawaida. Kupata kilo moja ya mafuta ya waridi kunahitaji kilo elfu tatu na zaidi za maua. Asumini ni laini mno, hata mvuke haiuwezi vizuri, hutolewa kwa viyeyusho na bei yake inatisha. Kwa shilingi 3,000 hununui hata harufu ya kizibo. Ulichonunua ni pafyumu ya kiwandani iliyochanganywa na mafuta mengine, na mara nyingi ni ile ile wanayotilia sabuni ya maji ya kusafishia sakafu, maana inauzwa duka moja kwa kipimo kimoja.

Tusieleweke vibaya. Harufu ya kiwandani si haramu na si sumu kwa jina lake tu. Nyingine zina nafuu kwa ngozi kuliko mafuta ya mdalasini ya asili kabisa, kwa sababu aliyeitengeneza anajua kilichomo na amepewa kikomo. Watengeneza manukato duniani wana chama chao, IFRA, tangu 1973, kinachotoa viwango vya kiasi gani kitiwe kwenye sabuni, kiasi gani kwenye mafuta ya mwili. Shida ni kichupa kisicho na jina. Pafyumu ya sakafu haikupimwa kwa ajili ya kwapa la mtu, wala aliyeitengeneza hakuahidi hivyo.

Ulaya wamefikia wapi? Tangu sheria ya 2003, mtengenezaji analazimika kuandika kwa jina vitu 26 vya harufu vinavyosababisha mzio, vikizidi kiasi kidogo sana, sehemu moja kati ya laki moja kwa kitu kinachobaki mwilini. Yujenoli ya karafuu yetu imo. Sitrali ya mchaichai imo. Mwaka 2023 orodha ikaongezwa ikapita 80. Na harufu moja ya kiwandani iitwayo Lilial, iliyokuwa kwenye sabuni na shampuu nyingi, wakaipiga marufuku kuanzia Machi 2022 kwa hofu ya madhara kwenye uzazi. Mzungu anayenunua sabuni yenye karafuu ya Pemba anaandikiwa kilichomo. Biharusi wa Ruaruke, ambaye karafuu hiyo imevuka bahari fupi tu kumfikia, anaambiwa "ya asili".

Na hatuwezi kusema sheria hazipo kwetu. Bara, tangu 2019, vipodozi viko chini ya TBS baada ya kutolewa TFDA. Zanzibar kuna Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. SIDO wanafundisha kutengeneza sabuni. Lakini ofisa hataingia chumba cha mwali, wala hatutaki aingie. Huko ndani mwenye mamlaka ni kungwi na mwenye imani ni muuzaji. Ndiyo maana tunaligeuza neno hili kuwa la dini.

Wengi wetu tumesoma kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaona rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini kile kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akatoa onyo juu ya wanaoghushi ambalo kila mtoto wa madrasa analijua. Kiko katika Sahih Muslim. Angalieni, mtu yule hakuuza sumu. Aliuza chakula kile kile, ila aliificha hali yake. Sasa anayeuza kichupa, anajua ametia pafyumu ya jumla, akabandika karatasi yenye picha ya waridi na maneno "halisi, halina madhara", yeye ameficha kilicholowa au hakukificha? Na asiyejua ametia nini, maana naye ameuziwa hivyo hivyo, anapata wapi ujasiri wa kusema halina madhara?

Tunajua hoja itakayofuata, maana tumeshaisikia mara nyingi, ile ya miski. Kwamba Mtume mwenyewe alimfundisha mwanamke wa Kiansari kutumia miski anapojitwaharisha baada ya hedhi, kwa hiyo kutia harufu sehemu za siri ni Sunna. Hadithi ni sahihi, na sisi tunaipenda, kwa sababu inaonyesha wanawake walikuwa wanauliza mambo yao bila kuona haya. Lakini isomeni hadi mwisho. Ni kipande kidogo kilichotiwa miski, na Bi Aisha (r.a.) akamvuta yule mama pembeni akamweleza: afuate nacho athari ya damu. Ni mara moja, baada ya hedhi, kufuta. Hakuna humo sabuni ya karafuu ya kila siku, hakuna kuingiza kitu ndani, hakuna mdalasini wa kubana. Na hiyo "miski twahara" nyeupe ya bei ya chini haitoki kwa paa, ni harufu ya kiwandani kwenye mafuta au nta. Anayetaka kuifuata Sunna basi aijue bidhaa anayoishika.

Josho la kisheria linataka maji yafike sehemu ya nje. Ndani Mwenyezi Mungu amekuwekea usafi wake, kuna vijidudu vyema vinavyotunza uchachu wake na kuzuia uchafu. Sabuni inauondoa uchachu huo, na pafyumu inawasha. Mwali aliyeoshwa ndani kwa sabuni ya harufu kwa siku saba anapelekwa kwa mume akiwa na muwasho na uchafu unaonuka, yaani kile kile alichokuwa anakiogopa. Makungwi, mama zetu, shikamooni. Hili tunawaomba kwa heshima zote: hapo yawe maji tu.

Kwa wanaotengeneza sabuni ya nazi nyumbani, mnajua wenyewe tabu ya kostiki. Mafuta ya karafuu yakitiwa kwenye uji wa sabuni yanauharakisha, unaganda ghafla sufuriani kabla hujaumimina, na mtu kwa haraka anachapa mwiko, kostiki inaruka machoni. Vaeni miwani. Na anayetia unga wa karafuu ili kukwepa mafuta, ajue unakwaruza, unafaa miguu kuliko uso. Asumini mbichi ndani ya mafuta ya nazi ni kitu kizuri kwa siku chache tu, maua yana maji, na yakikaa yanaota ukungu. Yaanikeni kivulini kwanza.

Basi mwali apakwe nini? Apakwe singo kavu ya maua yaliyokauka, karafuu punje chache, liwa ya kusaga kwenye msio, imwagiwe marashi ya mawaridi wakati wa kupaka na iliyobaki itupwe siku hiyo hiyo, kwa sababu ikishalowa inaoza. Mafuta ya nazi, ambayo Mafia na Kibiti hatuna sababu ya kuyaagiza kokote, yapakwe bila harufu mwilini. Harufu ipelekwe mahali pake pa zamani: asumini na mkadi kwenye nywele, vikuba kwenye nguo, udi kwenye chetezo ukifukiza kanga na shuka. Nguo haiwashwi. (Mwenye pumu afukiziwe nguo zake yeye akiwa chumba kingine, na dirisha liwe wazi.) Huu si ufukara wa mapambo. Ndivyo harufu ya harusi ya pwani ilivyokuwa kabla ya vichupa.

Tunasikia pia wanaosema tunaua riziki za wanawake wenzetu. Wajane wanalea watoto kwa singo, tunawajua, na tunanunua kwao. Hao hatuwaombi waache. Tunawaomba waandike kwa kalamu, kwenye karatasi yoyote, kilichomo, kiasi gani na tarehe ya kutengeneza. Aliyetia matone 5 ya karafuu aandike matone 5. Sisi kwa upande wetu tumeamua kwamba chupa isiyo na maandishi hayo hatuipeleki kwa ndugu zetu ng'ambo, hata kama ni zawadi, na anayetutuma tutamrudishia.

Kwa mwali mwenyewe na mama yake, jambo la muda. Mzio wa harufu hauji mara moja. Mwili unapokutana na kitu kipya huchukua siku 10 hadi 15 kukijua na kukikataa, na ukishakikataa mara nyingi ni maisha yote. Kwa hiyo kujaribu usiku wa kuamkia singo si kujaribu. Ndiyo maana vipele vya wiki ya harusi huchomoza kwenye fungate, wakati kila mtu ameshasahau kichupa na anatafuta mchawi. Paka kidogo kwenye kunjo la kiwiko asubuhi na jioni, pale pale, kwa muda wa wiki mbili. Pakiwasha, pakivimba au pakibadilika rangi, osha na usikiguse tena kitu hicho, na umwambie kungwi jina lake. Pakiendelea, nenda zahanati na kichupa mkononi. Anayeolewa Mfunguo Mosi basi aanze Ramadhani isipite katikati, jioni akishafuturu na asubuhi baada ya Alfajiri.